"ITANYOOKA IKIKAUKA"?! Boneti yangu mimi?

Wakuu, nimetoka pale kwa fundi rangi sasa hivi, mikono bado inanitetemeka. Simtaji. Wote mnamjua. Yule yule.

Boneti ilikuwa na praima ya kopo, ile rangi ya chini, nimeipuliza mwenyewe jana jioni. Nikamwambia, tena mara mbili: fundi, hii haina hadina (dawa ya kuigandisha), usiipige rangi yenye thina kali (kile kimiminika cha kuzimulia rangi). Akanijibu "rangi ni rangi." Akapiga. Mkono wa kwanza wa rangi ukatulia. Mkono wa pili boneti ikaanza kutembea. Nasema KUTEMBEA! Ikafura, ikajikunja, ikawa goti la tembo aliyezaliwa kabla ya gharika. Namtazama, ananitazama, ananiambia taratibu kabisa: "Itanyooka ikikauka."

Itanyooka. Ikikauka.

Thina imepenya kwenye praima ambayo haijakauka mpaka ndani, imeivimbisha, imeing'oa kwenye bati, halafu inyooke? Si angelowesha kitambaa thina akakilaza juu ya praima dakika moja! Ikilainika, hupigi. Na kitambaa alikuwa nacho, kipo begani! Sasa yote inakwanguliwa hadi bati. Na mtu kanikazia macho eti itanyooka!

Msasa600: Pole mkuu. Mimi alinikunjia madigadi mawili, akasema ni jua. Tulikuwa ndani.

MkonoWaTatu: Na wewe nawe, praima ya jana jioni leo unaikimbiza kwa fundi? Makopo mengi ya rangi ya mafuta yameandikwa: rudia ndani ya saa 1 au subiri saa 48. Wewe umetua katikati kama umepimiwa kwa rula.

Mwenye uzi: NILIMWAMBIA HAINA HADINA! Akasema itanyooka!

MkonoWaTatu: Imenyooka?

Bampa Uchi: Wenye mabati mshukuru. Bampa langu la plastiki lilipigwa bila dawa ya kushikisha. Nimeliosha kwa maji ya presha, rangi imebambuka yote kama ngozi ya nyoka. Ningeweza kuivaa.

Msasa600: Hukupiga msasa wewe.

Bampa Uchi: Nilipiga hadi kucha zikaisha! Polipropilini, plastiki ya bampa langu, haishiki rangi kwa msasa peke yake, acheni kunionea.

Puti Mbichi: Afadhali yenu. Mimi aliweka praima ya asidi kwanza, puti ya kuziba mabonyeo juu yake. Wiki ya tatu hii, ukibonyeza inabonyea.

Msasa600: Hadina ilikuwa kidogo.

Puti Mbichi: Hadina ilitosha! Asidi ndiyo inayozuia puti kukauka. Ilitakiwa praima ya epoksi, ndiyo puti ije juu.

Fundi Mstaafu: Vijana, puti inakaa kwenye bati tupu lililokwanguliwa vizuri. Tumefanya hivyo miaka yote.

Puti Mbichi: Ndiyo maana magari yenu mzee ukigonga puti inadondoka na kutu yake.

Fundi Mstaafu: Kutu inatokana na unyevu. Mlisugua kwa msasa wa maji, hamkukausha bati, mkafunika. Kukosa epoksi mnakusingizia bure.

Mwenye uzi: Wakuu, boneti yangu jamani.

Bampa Uchi: Subiri kidogo mkuu. Mzee, kwa hiyo hata bampa langu ni unyevu?

Fundi Mstaafu: Bampa lako ni uvivu.