Figo huchuja lita 180 kwa siku, mbona mkojo haufiki hata lita mbili?

Mdadisi
Nawasalimu nyote. Nimekuwa nikisoma sura ya figo katika kitabu cha baiolojia, nikakwama mahali pamoja. Kitabu kinaeleza kwamba figo mbili za mtu mzima huchuja takribani lita 180 za majimaji kila siku, ilhali damu yote mwilini ni lita 5 hivi, na mkojo wa siku nzima kwa kawaida ni lita moja na nusu. Je, hiyo 180 ni kosa la uchapaji? Na kama si kosa, hayo mengine huenda wapi?

Kandili
Si kosa. Hizo lita 180 ni jumla ya kinachopita kwenye chujio kwa saa 24, na majimaji ni yale yale yanayozunguka. Moyo wa mtu aliyetulia husukuma takribani lita 5 za damu kwa dakika, na zaidi ya lita moja kati ya hizo huelekea kwenye figo, ingawa uzito wa figo zote mbili haufiki asilimia moja ya uzito wa mwili. Chembe za damu hazichujwi, wala protini kubwa kama albumini. Kinachopenya ni maji ya damu, yaani plazima, pamoja na vitu vidogo vilivyoyeyuka ndani yake. Plazima yote ni lita 3 hivi. Gawanya 180 kwa 3, utaona kwamba huchujwa mara 60 kwa siku.

Mkufunzi
Naongezea sehemu ya pili ya swali. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, viitwavyo nefroni. Mwanzoni mwa kila nefroni kuna kifundo cha kapilari, glomerulo, kilichozungukwa na kikombe chenye kuta mbili kinachoitwa kapsuli ya Bowman, kwa heshima ya William Bowman aliyekieleza mwaka 1842. Shinikizo la damu ndani ya kifundo hicho huwa kubwa kuliko katika kapilari nyingine, kwa sababu kinachopokea damu inayotoka si vena bali ni ateri nyingine ndogo, ambayo huizuia isitoke kwa urahisi. Ndipo majimaji yanaposukumwa kuingia kwenye kikombe.

Kutoka hapo huingia katika mrija mwembamba uliojipinda, na kazi ya kurudisha huanza mara moja. Sehemu ya kwanza ya mrija hurudisha kwenye damu karibu theluthi mbili ya maji na chumvi, na takribani glukosi yote, ambayo kwa mtu mwenye afya ni kama gramu 180 kwa siku. Chumvi inayochujwa kwa siku huzidi kilo moja, na karibu yote hurudi; pampu zinazohamisha sodiamu ndizo zinazotumia sehemu kubwa ya nishati ya figo. Kiasi kinachobaki mwishoni huamuliwa na homoni inayotolewa na tezi ya pituitari: mwili ukipungukiwa na maji, homoni huongezeka, kuta za mirija ya mwisho hupitisha maji kurudi kwenye damu, na mkojo huwa mchache na wenye rangi iliyokolea.

Mdadisi
Nashukuru sana, sasa hesabu imeeleweka. Lakini mbona utaratibu wenyewe unaonekana wa kupoteza nguvu? Si ingekuwa rahisi zaidi kuzitoa taka peke yake na kuyaacha mengine yote mahali pake?

Mkufunzi
Ili kutoa taka peke yake, figo ingelazimika kuwa na njia maalumu ya kutambua kila taka, ikiwemo sumu ambayo mwili haujawahi kukutana nayo. Kwa utaratibu uliopo, ni kama mtu anayemwaga vitu vyote vya sanduku sakafuni na kurudisha anavyovihitaji tu: kisichojulikana hubaki nje bila kuhitaji kutambuliwa. Hata hivyo njia ya kutoa moja kwa moja ipo pia, kwani kuna dawa na asidi kadhaa ambazo seli za mrija huzisukuma kutoka kwenye damu hadi kwenye mkojo.

Muuguzi wa Zamu
Uwezo huo wa kurudisha una kikomo. Glukosi ya damu ikizidi takribani milimoli 10 kwa lita, vibebaji vyake kwenye mrija huanza kuzidiwa, na inayobaki hutoka na mkojo huku ikivuta maji pamoja nayo. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari ambaye hajatibiwa hukojoa mara kwa mara na kushikwa na kiu. Kreatinini, taka inayotokana na misuli, haina wa kuirudisha. Kwa hiyo figo zinapopunguza kasi ya kuchuja hujikusanya katika damu, na maabara huipima ili kukadiria kasi hiyo ambayo Mdadisi aliikuta kitabuni.