Tupeane uzoefu: Tulivyozisaidia kaya zenye hali ngumu kumudu umeme wa LUKU

Mwanzisha mada, Mbagala:
Ndugu zangu, naomba tukusanye hapa yale ambayo kila mmoja wetu ameyafanya kwa jirani au ndugu aliyelemewa na gharama za umeme. Nyumba tunayopanga ina kaya nne na mita moja ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla. Daraja la bei la D1 la TANESCO, shirika la umeme Tanzania, limewekwa kwa ajili ya mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, ambaye hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, ilhali daraja la T1, la watumiaji wa kawaida, ni shilingi 292. Kwa kuwa daraja hufuata mita na si kaya, mjane wa chumba cha uani, mwenye taa mbili na simu ya kuchaji, yumo T1 pamoja na wenye friji na pasi. Zaidi ya hayo, tulikuwa tukichanga sawa kwa sawa. Kila kaya kuwa na LUKU yake ndiyo ingekuwa dawa, lakini kuunganishiwa umeme mjini kwa shilingi 320,960 ni mzigo asioweza kuubeba. Tulikaa kikao na mwenye nyumba, akaridhia tufunge mita ndogo kila chumba, na sasa kila mtu huchangia kwa kadiri ya uniti alizotumia. Bei ya uniti haijashuka, ila mama huyo hawalipii tena wengine, na kwangu hilo ni jambo la haki kabla halijawa la huruma. Wenzangu mlifanyaje?

Mchangiaji, Tanga:
Kwetu kilichoumiza ni kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU. Shangazi yangu ni mpangaji, na ndiye aliyekuwa akiwahi kununua umeme kila mwanzo wa mwezi, kwa hiyo shilingi 1,500 zilikatwa katika fedha yake wakati mwenye jengo ni mwingine. Nilimshauri atunze kila ujumbe wa tokeni. Alipomwonyesha mwenye nyumba, fedha hizo zikapunguzwa kwenye kodi ya pango bila ugomvi.

Mchangiaji, Morogoro:
Mimi nilimnunulia jirani balbu. Balbu ya wati 60 ikiwaka kwa muda wa saa tano kila usiku hula uniti 9 kwa mwezi, ya LED ya wati 9 haifiki uniti moja na nusu.

Mchangiaji, Dodoma:
Mzee wangu alibaki T1 hata baada ya watoto kuhama na matumizi kupungua sana. Nilimsindikiza ofisi ya TANESCO kuomba matumizi yake ya miezi iliyopita yapitiwe, naye akarejeshwa D1. Tangu hapo tunamkumbusha kuangalia jumla ya uniti alizonunua kabla ya kuongeza nyingine, kwa sababu kila uniti inayozidi 75 ndani ya mwezi hutozwa shilingi 350, bei inayoipita hata ile ya T1.