Land Rover ya 1974 yakatika umeme wote ghafla usiku

Mwana wa Mambrui

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Ninayo Land Rover Series III ya mwaka 1974, injini ya petroli ya lita 2.25, niliyoachiwa na marehemu baba yangu, na mpaka leo ndiyo inayobeba nazi na maembe yetu kutoka shambani hadi soko la Malindi. Ijumaa iliyopita, baada ya sala ya Isha, nilikuwa nikirudi nyumbani, na nilipokwisha kuvuka daraja la Sabaki umeme wote ulikatika kwa mara moja: taa za mbele, taa za dashibodi na injini yenyewe. Hapakuwa na dalili yoyote kabla yake. Taa hazikufifia, injini haikukwamakwama, wala ile taa nyekundu ya chaji haikuwaka. Nilipozungusha ufunguo stata haikutoa hata mlio, na honi nayo ilikuwa kimya.

Nilifungua boneti, nikamulika kwa simu, nikakuta fyuzi zote ni nzima. Baada ya dakika kumi hivi nilijaribu tena bila ya kugusa chochote, na gari likawaka. Jumatatu usiku mambo yakajirudia vilevile, lakini mchana linatembea kutwa nzima bila tatizo. Fundi mmoja amenishauri ninunue altaneta, mwingine betri. Sina uwezo wa kununua vyote viwili kwa kubahatisha, na ninachokiogopa zaidi ni kuzimikiwa na taa huku lori la chumvi kutoka Gongoni likinijia mbele. Nianzie wapi?

Mkulima wa Gede

Wa alaykum salaam, ndugu yangu, na pole sana. Mimi ningeanzia kwenye vichwa vya betri, kwa sababu hapa pwani hewa ya chumvi hupenya hata mahali ambapo jicho halifiki. Pikapu yangu iliwahi kunifanyia hivyo, na nilipovua kichwa cha betri nilikuta unga mweupe umejaa kati yake na nguzo, ingawa kwa nje palikuwa safi kabisa. Vua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, osha kwa maji ya moto, sugua kwa brashi ya waya, rudisha, kaza, halafu paka grisi juu yake.

Uangalie pia waya wa ethi unaotoka kwenye betri, yaani ule wa umeme kurudi betrini. Bodi ya Land Rover ni ya alumini ilhali chesi ni ya chuma, na metali hizo mbili zikigusana penye unyevu wa chumvi, alumini huliwa, ethi ya taa na vifaa vya kwenye bodi ikadhoofika. Betri iliyojaa na kupumzika usiku kucha inapaswa kusoma karibu volti 12.6. Ikiwa yako imefika hapo, usiinunue nyingine kwanza.

Fundi Mstaafu, Malindi

Usafi aliousema ndugu wa Gede ni wa lazima, lakini kwa tatizo hili naona jibu liko mbele kidogo ya betri. Gari likiwa linatembea, umeme hutoka kwa altaneta, na betri hupokea tu. Kichwa cha betri kikiachia wakati huo, aghalabu altaneta huendelea kulisha koili (inayotoa umeme wa cheche za injini) na taa, ingawa volti zinaweza kupanda ovyo na kuunguza balbu, na ndiyo sababu sikubali kamwe mtu avue waya wa betri injini ikiwa inanguruma. Altaneta nayo ikifa, taa nyekundu huwaka, na umeme hupungua polepole kadiri betri inavyoisha. Kwako wewe taa hiyo nyekundu haikuwaka, na taa za mbele zilikufa pamoja na koili, kwa hiyo pamekatika mahali ambapo vyote hivyo vinapitia.

Katika magari ya Kiingereza ya wakati ule rangi za waya zina maana. Wa kahawia una umeme daima na haupiti kwenye fyuzi, mweupe hupata umeme ufunguo ukifunguliwa, wa kijani umeshapita fyuzi, na mweusi ni ethi. Fuata waya wa kahawia kuanzia kwenye solenoidi ya stata (swichi kubwa inayopeleka umeme wa betri kwa stata) hadi kwenye swichi ya ufunguo. Fyuzi zako ni nzima kwa sababu kasoro iko kabla yake.

Na hili la usiku tu ndilo linalonipa yakini. Taa mbili za mbele za wati 55 huvuta takriban ampea 9. Ungio lililooza likipoteza volti 2 kwa mkondo huo, karibu wati 18 hugeuka joto mahali pamoja. Ungio linapanuka, linaachia, kisha likipoa linashika tena. Dakika zako kumi ni za kupoa.

Tafuta mita ya kupimia volti. Washa taa zote, weka ncha nyekundu kwenye nguzo ya chanya ya betri, na nyeusi kwenye waya wa kahawia pale swichini. Ukisoma zaidi ya nusu volti pana hitilafu. Sogeza ncha nyeusi ungio baada ya ungio kurudi kuelekea betri, na pale usomaji utakaposhuka ghafla, ugonjwa uko kati ya mahali hapo na ulipotoka.

Mwana wa Mambrui

Allah akujazi kheri, mzee wangu. Swichini nilisoma volti 1.9. Kwenye skrubu ya solenoidi ikawa 0.1. Nati ilikuwa imekazwa barabara, na bila mita nisingeishuku, lakini waya wa kahawia ulikuwa umeoza ndani ya kichwa chake, shaba imegeuka unga wa kijani, na plastiki yake imebadilika rangi kwa joto. Nilikata hadi nikafika kwenye shaba inayong'aa, nikafunga kichwa kipya na kukitia risasi. Sasa swichini nasoma 0.2, na jana nimekwenda Malindi na kurudi usiku, taa zikiwa zimewaka njia nzima.

Fundi Mstaafu, Malindi

Nimefurahi sana. Ziba kichwa hicho kwa mpira unaonywea kwa moto ili chumvi isiingie tena, kisha taa zikiwa zimewaka kwa nusu saa, ishike swichi ya ufunguo kwa kiganja. Ikiwa ni ya moto, miguso yake ya ndani nayo imechoka, na itakubidi uibadilishe kabla ya mvua za masika.