Mama yuko nyumba ya wazee Houston: nitajuaje kama wanamtesa au ni uzee tu?

MtotoWaPangani
Wanajamvi salaam, wakubwa shikamooni. Mama alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea, na kwa zamu zangu za ghalani sikuweza kumuuguza nyumbani. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, sasa hata hicho kimepotea.

Kila nikipita baada ya kazi nakuta bilauri ya maji iko mkono wa kulia, ule usiofanya kazi, na kamba ya kengele imening'inia nyuma ya kitanda. Midomo imemkauka. Juzi nimeona weusi kisiginoni na alama za vidole juu ya mkono, karibu na bega. Nikauliza, naambiwa ni dawa ya kuzuia damu kuganda. Halafu kuna mhudumu mmoja, akiingia tu mama anageukia ukutani. Ndugu walioko Tanga walishanisema sana kwa kumpeleka huko, hata sijui nianzie wapi kuwaambia. Na nikilalamika, si watamtoa?

Mwambata
Mngekaa na wazazi wenu yasingewakuta haya. Mama hapelekwi kituoni.

NesiWaUsiku
Mwambata, njoo umgeuze wewe kila baada ya saa mbili usiku kucha, asubuhi uingie kazini. Tuendelee.

Mdogo wangu, pole. Nahudumia wazee hapa hapa Texas. Dawa ya damu inaleta alama kweli, lakini mara nyingi nazikuta chini ya kiwiko, mahali mtu anapojigonga au alipochomwa sindano. Alama za vidole karibu na bega zinataka maelezo. Huenda mtu alimnyanyua peke yake kazi ya watu wawili, huenda ni ukatili. Vyote viwili vichunguzwe. Piga picha, uweke tarehe.

Kisigino usikichukulie poa. Wengi wamefundishwa kutafuta wekundu, na kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri. Gusa kwa mgongo wa kiganja na ulinganishe na kisigino cha pili: pakiwa na joto, pagumu au panabonyea kuliko kwingine, kidonda cha kulalia kimeanza. Siku hiyo hiyo mwambie nesi aandike kwenye faili, na mguu uwekewe mto ili kisigino kielee.

Kinachoniuma zaidi ni hiyo bilauri. Anayeweka maji upande uliokufa hajafungua hata mpango wa huduma wa mama. Watu mnatafuta anayepiga, wakati wazee niliowaona wakiisha, wengi waliishia kwenye kiu na nepi isiyobadilishwa. Omba rekodi ya uzito: akipungua asilimia 5 ndani ya mwezi, yaani pauni 7 kwa mtu wa pauni 140, lazima wakueleze sababu.

Badilisha na saa za kwenda. Nenda Jumapili jioni, watu wakiwa wachache. Mama akikubali, sheria ya shirikisho inakuruhusu wewe mtoto kuingia saa yoyote, wasikubabaishe na kibao cha mlangoni.

BoksiMpakaLini
Nakazia. Mama usimuulize "wanakupiga?", atakukatalia ili usihangaike. Muulize nani anamwogesha na anamwogeshaje. Na wakitaka kumhoji, dai mkalimani wa Kiswahili, hata wa kwenye simu. Ni wajibu wao na hulipi kitu. Usikubali yule mhudumu awepo chumbani.

Lalamiko liandike kwa mkuu wa kituo, ubaki na nakala. Tuhuma ya unyanyasaji wanatakiwa kuifikisha serikalini ndani ya saa 2, uchunguzi wao umalizike kwa siku 5 za kazi. Wewe usingoje, Texas piga mwenyewe 1-800-458-9858. Na kila jimbo lina ombudsmani, yaani mtetezi wa wakazi wa nyumba hizi, huduma yake ni bure, na hatoi siri ya mkazi bila ruhusa.

Kumtoa kwa sababu umelalamika hairuhusiwi. Kwa kawaida wanatakiwa kukupa notisi ya maandishi ya siku 30 yenye sababu inayokubalika kisheria, na unaweza kuikatia rufaa.

MtotoWaPangani
Asanteni. Nilikwenda Jumapili usiku. Shuka imelowa, bilauri kulekule. Kisigino kina joto, nesi wa zamu ameandika nikiwa nimesimama pale. Mama nimemuuliza alivyoelekeza kaka hapo juu, akasema yule "ananivuta kama gunia". Simu nimepiga na barua nimeandika, na yule mhudumu wamemwondoa kwa mama wakati wanachunguza. Tanga bado sijawaambia. Swali: kamera naruhusiwa? Chumbani wako wawili.

NesiWaUsiku
Unaruhusiwa, Texas ina sheria hiyo tangu 2001. Jaza fomu uwape kituo, kamera unanunua mwenyewe, na mlangoni kunabandikwa tangazo. Mwenzake wa chumbani, au msimamizi wake, lazima akubali kwa maandishi. Akikataa, omba mama ahamishiwe chumba kingine. Usiifiche, utawapa cha kusemea wao. Na kesho uliza kisigino kimepimwa sentimita ngapi, hiyo namba uiandike.