Presha ya maji imezidi nyumbani: kubana geti valvu, tangi la juu, au valvu ya kupunguza presha?

BintiFuoni
Assalaam alaykum. Nyumba yetu iko Fuoni, ya chini tu, haina ghorofa. Tangu tuunganishwe na laini mpya, maji yanakuja kwa nguvu ya ajabu, hasa usiku. Mchana huoni kitu. Ikifika saa saba za usiku bomba zinagonga ukutani, flashi ya choo inachuruzika bila kukata, na mfereji wa jikoni tuliotia raba mpya juzijuzi ushaanza tena kudondosha. Wiki iliyopita ule mpira uliosukwa waya chini ya sinki umepasuka, tumeamka zulia la sebuleni linaelea.

Nimeita mafundi, kila mmoja na lake. Wa kwanza anasema tubane geti valvu (ile koki ya kufungia maji) ya karibu na mita, basi. Wa pili anataka tupandishe tangi, maji yote yapitie humo kwanza. Wa tatu anasema kuna valvu maalumu ya kupunguza presha, ina gharama lakini ndiyo dawa. Mume wangu kamuelekea wa kwanza, maana halitaki pesa. Nyinyi mngechagua lipi, na kwa nini?

FundiMstaafu
Waalaykum salaam mwanangu. Usichague kitu kabla hujapima. Tafuta geji ya presha yenye uzi wa nusu inchi, ifunge kwenye mfereji wa nje, hakikisha ndani hakuna anayetumia maji, kisha usome usiku wa manane. Mchana mtaa mzima unafua na kupika, presha inashuka, namba utakayoipata itakudanganya.

Bar 1 ni sawa na kimo cha maji cha mita 10. Nyumba ya kawaida inatosheka na bar 2 mpaka 3. Ikifika 5 vifaa vinaanza kuteseka. Marekani kanuni zao za mabomba zinalazimisha valvu ya kupunguza ikizidi psi 80, yaani kama bar 5 na nusu. Hiyo inakupa picha.

Na huyo aliyesema mbane geti valvu, mshukuruni, mumpe chai, aende zake.

Mlandege_Mkavu
Ami, mimi nimebana geti valvu mwaka wa ngapi huu, sina tatizo lolote. Humu kila kitu mnataka mtu anunue.

FundiMstaafu
Yakhe, tatizo unalo, hujaliona tu. Ukifungua mfereji, maji yanapita pembamba kwenye ile valvu iliyobanwa, unaona yametulia, unafurahi. Ukifunga mifereji yote hakuna kinachotembea, na kisichotembea hakibanwi. Presha ya barabarani inaingia ndani taratibu mpaka pande mbili zinalingana. Ni kama mlango mmoja mwembamba wa Uwanja wa Amaan: watu wataingia polepole, lakini ukiwapa muda uwanja unajaa vilevile. Mpira wa bi mkubwa haukupasuka mchana anapoosha vyombo. Umepasuka usiku, kila kitu kimefungwa.

Halafu geti valvu haikutengenezwa ikae nusu. Maji yanaupiga ule ulimi wa ndani, unatikisika, unaliwa. Siku unataka kuifunga kwa dharura, haifungi.

Mlandege_Mkavu
Haya, nimesikia. Lakini nyumba yangu bado imesimama 😄

UmmuSalma_Shangani
Niseme la sisi wa Mji Mkongwe, maana kwetu hesabu ni nyingine kabisa. Wengi watakwambia tangi la juu. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima ya maji. Nyumba zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari ni boriti za miti, nyingine zina umri wa zaidi ya miaka mia. Nani anataka kulaza tani moja juu ya boriti ambayo hajui imeliwa kiasi gani? Tena mji huu umo kwenye urithi wa dunia tangu 2000, kuweka kitu juu ya paa lazima upitie kwenye mamlaka ya hifadhi kwanza.

Na bomba likipasuka ndani ya ukuta wa chokaa si sawa na ukuta wa matofali ya saruji. Chokaa inanyonya, ukuta unavimba, plasta inaporomoka vipande vipande, na hata bomba likishatengenezwa ukuta unakaa na unyevu miezi. Kwetu valvu ya kupunguza presha haina mbadala. Tumeiweka chini ukumbini pale bomba linapoingilia, watu wanapita hawaioni.

Mpemba_wa_Wete
Sisi huku tatizo letu ni vilima. Tangi la mtaa limewekwa juu ya kilima, nyumba yetu ipo bondeni. Tofauti ya kimo ikiwa mita 50 tu, hiyo ni bar 5 bila pampu yoyote, ni mteremko mtupu. Ndugu zetu wa katikati ya mteremko wanaoga vizuri, sisi wa chini tunabadilisha mifereji, wa juu karibu na tangi wanalalamika maji yanatoka kama machozi.

Tuliyofanya ni tangi dogo la kukata presha: maji yanaingia kwenye tangi lililo wazi kwa hewa, yanaanza upya kutoka hapo kwa kimo cha hilo tangi tu. Linafanya kazi, na maji yakikatika unayo ya akiba. Dada, mimi kura yangu ni tangi.

Ila sikiliza hili: boya, lile linalofunga maji tangi likijaa. Mafundi hawalisemi. Lile boya jepesi la plastiki lililotengenezewa maji ya polepole haliwezi kuziba bar 6. Linapiga kelele, linavujisha, tangi linafurika usiku kucha na maji yanateremka ukutani. Nunua la shaba, lenye mkono mrefu na mpira mkubwa, uulize dukani linahimili presha gani. Asiyejua kukujibu, usinunue kwake.

SwichiNaWaya
Swali kabla hamjaenda mbali: dada, mna pampu? Nauliza kwa sababu nusu ya watu wanaoniita kwa presha kubwa, presha wanaitengeneza wenyewe. Pampu ya kisima ya kuzamisha inayoweza kunyanyua maji mita 60, ukiizuia kwa mbele inakupa karibu bar 6. Hapo usinunue valvu. Rekebisha swichi ya presha. Nyingi zinatoka kiwandani zinawasha kwenye bar 1.4 na kuzima kwenye 2.8, halafu anakuja mtu anakaza ile springi "maji yapande vizuri ghorofani" na anakaza mpaka mwisho.

Angalia pia upepo wa lile tangi dogo la presha linalokaa na pampu. Zima umeme, toa maji yote, pima upepo kwa geji ya gurudumu: uwe chini kidogo ya kiwango cha kuwasha, kama bar 1.2 kwa swichi ya 1.4. Upepo ukiisha pampu inawaka na kuzima kila mtu akinawa mkono, na bomba zinagonga vilevile.

BintiFuoni
Hatuna pampu, ni maji ya laini moja kwa moja. Nimeazima geji kwa jirani. Saa nne asubuhi ilikuwa bar 2. Jana usiku, mifereji yote imefungwa, imefika 6 na nusu. Mume wangu kaja kuusoma mshale mwenyewe, karudi kimya. Kwa hiyo geti valvu tumeshaiacha.

Imebaki tangi au valvu. Tangi nalipenda kwa sababu ya siku ambazo maji hayatoki. Lakini tuna hita ya kuogea na mashine ya kufulia, naogopa maji yatakuwa laini mno.

UmmuSalma_Shangani
Yatakuwa. Nyumba ya chini, tangi likiwa mita 3 juu ya bomba la mvua, unapata bar 0.3. Unaoga, ndiyo, lakini hita nyingi za papo kwa papo haziwaki vizuri hapo, na mashine ya kufulia inachukua karne kujaa. Mwisho utanunua pampu ya kusukuma maji. Yaani umeyatoa maji nguvu bure, kisha unalipia umeme uyarudishie nguvu.

Mpemba_wa_Wete
Hapo kweli kanishinda. Lakini maji yakikatika siku mbili, dada Shangani, hiyo valvu yako utainywa?

UmmuSalma_Shangani
Tuna mapipa 🙂

FundiMstaafu
Msigombane, hayo mawili hayapingani. Kwa bar 6 na nusu mimi ningeweka valvu ya kupunguza kwanza, niiseti bar 3. Baada ya hapo toa tawi: moja linaingia nyumbani moja kwa moja, jingine linajaza tangi. Boya la tangi nalo litapumua, na siku maji hayapo mnafungua la tangi. Weka valvu ya kuzuia maji kurudi kwenye kila tawi, ya tangi yasikimbilie barabarani wala yenye presha yasilisukume tangi kwa chini. Pesa ikiwa haitoshi kwa vyote, anza na valvu, tangi lisubiri.

Mpangilio wake: iwe baada ya mita, upande wako, usiguse cha ZAWA (mamlaka ya maji Zanzibar). Koki ya kufungia, kisha chujio, kisha valvu, kisha geji, kisha koki nyingine, na yunioni pande mbili ili iweze kufunguliwa bila kukata bomba. Chujio usiliruke hata fundi akikwambia halina maana. Maji mengi ya Unguja yanapita kwenye jiwe la matumbawe, yana chokaa, angalieni ukoko mweupe ndani ya mabirika yenu. Chembe moja ikikaa kwenye kiti cha valvu, pale inapozibia, haizibi tena.

SwichiNaWaya
Naongeza la hita. Kama ni ile ya tangi (si ya papo kwa papo), maji yakipata moto yanatanuka. Zamani yalikuwa yanarudi nyuma kuelekea barabarani, lakini valvu nyingi za kupunguza haziyarudishi. Ile valvu ndogo ya usalama kwenye hita itaanza kudondosha wakati wa kupasha. Ndiyo kazi yake. Muelekezee kimpira mpaka kwenye shimo la maji machafu, na ASITOKEE mtu akaiziba. Ikikukera, weka tangi dogo la kutanukia.

Mlandege_Mkavu
Basi na mimi nimeazima geji. Bar 5. Hiyo valvu inapatikana wapi?

FundiMstaafu
Karibu sheikh. Zunguka maduka ya vifaa vya ujenzi Mwanakwerekwe, uliza ya shaba, ya kipimo sawa na bomba lako. Nyingine zinakuja na tundu la geji kabisa.

BintiFuoni
Mume wangu anauliza kama anaweza kuifunga mwenyewe, bomba zetu ni zile za kijani za kuchomelea.

FundiMstaafu
Kuchomelea amuachie mwenye mashine, kuseti anaweza. Mshale wa kwenye mwili wa valvu ufuate maji yanakokwenda. Kulegeza bolti ya juu kunashusha presha, kukaza kunapandisha. Azungushe kidogo, afungue mfereji, afunge, asome tena. Kisha usiku ule ule saa saba asome mara nyingine bila mtu kutumia maji: ikibaki 3, kazi imekwisha. Ikiwa inapanda taratibu kuelekea 6, kiti hakizibi. Asianze kulegeza bolti, asafishe chujio na kiti kwanza. Takataka za kuchomelea ndizo zinazoingia humo siku ya mwanzo, kwa hiyo maji yamwagwe vizuri kabla valvu haijawekwa.