Rosa Mistika: kinaya kinamsuta baba au kinamwadhibu binti?

Hoja: Riwaya hii ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, iliwahi kupigwa marufuku shuleni Tanzania. Wanaoitetea husema kinaya, yaani tendo kuzaa kinyume cha lililokusudiwa, ndicho kinachoiokoa: Zakaria anamchunga bintiye Rosa asiguswe na wanaume, na ukali huohuo unamtupa mikononi mwao. Je, hilo linatosha isomwe darasani?

Mwalimu wa fasihi: Linatosha, ila ifundishwe kwa mpango. Wengi hujibu, "Rosa alikuwa mwema akaharibika, hicho ni kinaya." Hicho si kinaya, ni mabadiliko ya mhusika tu. Kinaya cha hali kina viungo vitatu: alichokusudia mhusika, alichokipata, na jinsi kusudio lenyewe lilivyozaa kinyume chake. Anzeni na barua ambayo kijana Charles anamwandikia Rosa. Zakaria, mlevi yule, anampiga Rosa kwa ajili ya barua hiyo. Binti anafika Rosary, shule ya bweni ya wasichana, akiwaogopa wavulana, hajazoea kuongea nao, seuze kuwakatalia. Hapo ndipo kilipo kiungo cha tatu, na asiyekionyesha hajajibu swali.

Mhariri wa vitabu: Barua nakubali. Ila tuhesabu nani analipa. Anayetoa mimba ni Rosa, anayeachwa ni Rosa, anayejiua ni Rosa. Msomaji wa miaka 15 atafunga kitabu na somo moja: ukizini utakufa. Kinaya kisichomfikia mlengwa kinageuka mahubiri, na mahubiri hayo wasichana wanayo tele nyumbani.

Mwalimu wa fasihi: Basi mtazame Charles. Barua yake ndiyo iliyomponza Rosa, na ni yeye huyohuyo anayekuja kumwacha kwa kuwa si bikira. Tena msomaji anayajua ya Rosa kabla ya mchumba wake, kwa hiyo kila neno tamu la uchumba linauma. Kurasa hizo zisomwe kwa sauti. Zikiwekwa kwenye muhtasari, kinaya chote kinapotea.

Mhakiki: Mnapita mbali na kasoro yenyewe. Mwishoni Rosa na Zakaria wanafikishwa mbele ya Mungu, wakitupiana lawama. Kinaya hufanya kazi msomaji anapoachiwa aunganishe mwenyewe. Hapa kesi inasomwa hadharani. Dawa ipo: simamisheni usomaji kwenye kifo, kila mmoja aandike aya moja, mkosaji nani na kwa ushahidi upi. Kisha waendelee. Aliyebadili hukumu aonyeshe sentensi iliyombadilisha. Mkigeuza mpangilio huo, darasa zima litanakili hukumu ya mwandishi.

Mhariri wa vitabu: Na yule mkuu wa chuo cha ualimu kule Morogoro? Kesi ni ya baba na binti. Mtu mzima aliyekabidhiwa wanafunzi akalala nao hana kizimba. Hicho nacho ni kinaya, au mwandishi hakumwona?

Mhakiki: Ni swali zuri la insha. Kuulizwa haliwezi, kitabu kikiwa kimefungiwa kabatini.