Naomba ushauri: sinema ya kauboi imeninyima usingizi

Habari zenu wakuu. Niko Dallas, Texas, napiga shifti za usiku. Jumanne nilikuwa ofu, nikaenda sinema peke yangu. Walikuwa wanarudia No Country for Old Men ya 2007. Nilidhani ni kauboi zile za utotoni, farasi na vumbi, stelingi hafi. Kumbe! Muuaji, Javier Bardem, anatembea na mtungi wa hewa na kile chombo cha kuulia ng'ombe machinjioni. Muziki karibu hakuna kabisa, unasikia hatua tu. Na stelingi anauawa hata hatuonyeshwi (samahani kwa ambao hamjaiona). Ukumbini tulikuwa wanne, kila mtu kona yake. Bisi zangu zilibaki nusu.

Sasa nikirudi nyumbani kutoka kazini saa tisa usiku najifungia, nazima taa, nakodolea ule mwanga chini ya mlango kama kuna kivuli cha miguu. Mtu mzima na ndevu zangu! Mke wangu yuko Morogoro, nikimsimulia atanicheka mwaka mzima.

Je, niirudie mchana na rafiki ili niizoee, au niachane nayo? Yaliyowahi kuwapata haya, yaliisha baada ya muda gani?